Mwanza–Bukoba: Dakika 45 za ratiba, saa tatu na zaidi za mfanyabiashara

KAMA kuna njia ya anga nchini inayoweza kumpotosha mfanyabiashara anayeisoma kwenye karatasi tu, basi ni ile ya kati ya Mwanza na Bukoba. Ramani inaonyesha kuwa viwanja hivyo viwili vimeachana kwa kilomita 175 tu za anga. Ratiba huihesabu safari hiyo kuwa ya dakika 45 hivi. Mwenye haraka zake hutazama tarakimu hizo, akazilinganisha na barabara ya zaidi ya kilomita 400 inayolizunguka ziwa, kisha akatoa pochi.

Tarakimu hizo si za uongo. Ila hazijibu swali la mfanyabiashara, ambalo ni hili: saa ngapi za kazi zitapotea, na kwa bei gani? Swali hilo limekuwa gumu zaidi tangu Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Daraja hilo la kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, halikugusa hata mita moja ya anga. Hata hivyo limebadilisha thamani ya tiketi ya ndege ya Bukoba kuliko punguzo lolote la nauli.

Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara wa kanda ya ziwa na mwekezaji mdogo mwenye hisa za usafiri, au anayefikiria kuzinunua, wana kila sababu ya kuipiga upya hesabu ya njia hii.

DAKIKA 21 ZINAVYOKUWA 45

Umbali wa angani hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka katikati ya uwanja mmoja hadi katikati ya mwingine. Marubani hutumia maili za baharini, na kila moja ni mita 1,852. Kwa kipimo hicho Mwanza na Bukoba zimeachana kwa maili 94. Sehemu kubwa ya mstari huo inapita juu ya maji ya Ziwa Victoria.

Ndege za pangaboi aina ya ATR, ambazo zimeihudumia njia hii kwa miaka mingi, zikishafika juu hukimbia kiasi cha kilomita 500 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 175 zingemalizwa kwa dakika 21. Mbona basi ratiba inasema 45?

Jibu ni kwamba dakika za ratiba hazianzii angani. Zinaanza kuhesabiwa ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, na zinakoma inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake kuna kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ruhusa ya mnara, kupanda taratibu, kushuka taratibu, kuzunguka ili kuupata upande wa kutua, na kutembea tena ardhini. Mambo hayo huchukua karibu muda uleule, iwe ndege inakwenda kilomita 175 au 850.

Ipo kanuni rahisi ambayo mfanyabiashara anaweza kuifanyia kazi kwa kikokotoo cha dukani. Gawa kilomita kwa mwendo wa ndege, zidisha kwa 60 upate dakika, kisha ongeza dakika 20 za ardhini na za kupanda na kushuka. Mwanza–Bukoba kwa pangaboi: 21 jumlisha 20, ni dakika 41. Mwenye ratiba huongeza chache za tahadhari, zikawa 45.

Kanuni hiyohiyo ipelekwe Dar es Salaam–Mwanza, ambayo ni takriban kilomita 850 kwa anga. Ndege ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa inatoa dakika 64, ukiongeza 20 unapata 84, yaani saa moja na dakika 24. Pangaboi inatoa saa 2 na dakika 2.

Sasa ugawe umbali kwa muda wa ratiba. Jeti ya Dar es Salaam–Mwanza inakuwa imesafiri kwa wastani wa kilomita 600 kwa saa. Pangaboi ya Mwanza–Bukoba, kwa dakika zake 45, inakuwa na wastani wa kilomita 233 kwa saa. Abiria anayelalamika kwamba nauli ya Bukoba ni kubwa mno kwa njia fupi kama ile ana haki ya kulalamika, lakini anapaswa kujua kuwa analipia zaidi kupaa na kutua kuliko kusafiri.

KILOMITA 2 ZINAZOGHARIMU SAA

Msafiri wa Dar es Salaam kwenda Bukoba ana hesabu yake, na ni ya ajabu kidogo. Mstari wa moja kwa moja kati ya viwanja hivyo ni kilomita 1,023 hivi. Ukipitia Mwanza unapata 851 jumlisha 174, yaani 1,025. Tofauti ni kilomita 2 tu! Mwanza imekaa karibu kabisa juu ya mstari wa Dar es Salaam kwenda Bukoba, kana kwamba aliyeuweka uwanja alitumia rula.

Kwa hiyo shirika linaloiunganisha Bukoba kupitia Mwanza halipotezi umbali. Linachopoteza ni muda. Kutua mara moja zaidi kunamaanisha zile dakika 20 kurudiwa, pamoja na dakika 25 au 30 za kushusha abiria na mizigo, kupakia wengine, na pengine kujaza mafuta. Ikitokea ndege moja inawaleta abiria Mwanza na nyingine inawapokea kwenda Bukoba, muda huo unaweza kuwa saa mbili au zaidi, kutegemea ratiba zinavyokutana.

Mfanyabiashara anayenunua tiketi Dar es Salaam asitosheke na kuambiwa saa ya kuondoka. Aulize kama ndege inatua njiani, na kama atabadilisha ndege. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko aina ya ndege yenyewe. Pangaboi inayokwenda Bukoba bila kutua hutumia saa mbili na nusu kasoro kidogo. Jeti inayofika Mwanza mapema, kisha abiria akangoja, inaweza kumfikisha Bukoba baadaye kuliko aliyepanda pangaboi asubuhi hiyohiyo.

KUTOKA MLANGO HADI MLANGO

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayeishi katikati ya jiji la Mwanza. Uwanja uko upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo atumie nusu saa kwa teksi. Atatakiwa kufika saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka, maana kuandikisha mizigo na ukaguzi havina huruma na mchelewaji. Angani na ardhini, dakika 45. Kungoja mizigo Bukoba, dakika 25. Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, kando ya ziwa, hivyo dakika 10 zinamtosha kufika sokoni.

Jumla ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Katika muda huo wote, ule ambao ndege ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake kamili ni sehemu ndogo sana.

Kwa barabara, safari inaanzia Mwanza kupitia Usagara, Kigongo, darajani hadi Busisi, Sengerema, Geita, kisha inapanda kuelekea Muleba na Bukoba. Mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu kikomo ni 50. Ukiweka na vituo, basi linatumia saa 7 au 8. Gari dogo linaweza kufanya saa 6 bila kuvunja sheria.

Kabla ya daraja, safari hiyohiyo ilikuwa na kivuko ndani yake. Kuvuka kwenyewe kulichukua zaidi ya nusu saa, lakini maumivu yalikuwa kwenye foleni, na waliokuwa wakisafirisha ndizi kwa malori wanayakumbuka. Saa mbili za kungoja lilikuwa jambo la kawaida, na kivuko kikiharibika hapakuwa na wa kumlilia. Sasa gari linavuka kwa dakika chache.

Ndege, kwa maneno mengine, ilikuwa na uongozi wa saa 6 hivi dhidi ya basi. Leo uongozi huo ni wa saa 4. Dhidi ya gari dogo umebaki chini ya saa 3. Theluthi nzima ya faida ya tiketi imeliwa na nguzo za zege, na haielekei kurudi.

Kuna kipimo kimoja ambacho wanaofuatilia biashara ya anga wangefanya vizuri kukizoea, nacho ni uwiano kati ya kilomita za barabara na zile za anga. Barabara ya Dar es Salaam–Mwanza kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga ni kiasi cha kilomita 1,150, sawa na mara 1.35 ya umbali wa anga. Mwanza–Bukoba uwiano unazidi mara mbili na robo. Ziwa ndilo linaloilazimisha barabara kuzunguka. Bila ziwa, hakuna shirika ambalo lingeweka ndege kwenye kilomita 175. Njia fupi ya anga huishi kwa kutegemea kikwazo cha ardhini, na siku serikali inapokiondoa, hata nusu tu, mwenye ndege anapaswa kuanza kukuna kichwa.

MVUA YA BUKOBA

Hesabu zote hizo zinachukulia kuwa ndege itaondoka na itatua. Bukoba haina desturi ya kutoa ahadi hiyo.

Mji huo hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Chanzo chake ni ziwa lenyewe. Pepo za mashariki huvuka maji zikizoa unyevu na kuumwaga upande wa magharibi. Isitoshe, radi za Ziwa Victoria zina saa zake. Mchana mawingu hujijenga nchi kavu, lakini usiku wa manane hadi asubuhi hujijenga juu ya maji, pale hewa baridi ya nchi kavu inapokutana na hewa yenye joto ya ziwani. Ndege ya asubuhi, ambayo mfanyabiashara huipenda kwa sababu inampa siku nzima ya kazi, ndiyo inayofika wakati ziwa halijamaliza hasira zake za usiku.

Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ikiwa na watu 43, iliangukia ziwani wakati ikijaribu kutua Bukoba asubuhi katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kwa kanda ambayo bado inaikumbuka Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, lilikuwa pigo la pili kwenye maji yaleyale.

Ajali hiyo haitajwi hapa kwa lengo la kutisha. Inatajwa kwa sababu rubani anayezunguka juu ya ziwa akingoja mvua ipungue, au anayeamua kurudi Mwanza, anafanya kazi yake barabara, na abiria anayemfokea mhudumu kwa kucheleweshwa hajui anachokiomba. Ila kibiashara jambo hilo lina gharama, nayo lazima iingizwe kwenye hesabu. Aliyetoka Mwanza akarudishwa Mwanza ametumia nusu siku na hajasogea hata hatua moja. Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, mwenye miadi ya benki au mnada asipange kufika siku hiyohiyo ya miadi.

Uwanja wenyewe nao una mipaka. Njia ya kurukia ya Mwanza inazidi kilomita 3, na jeti zinatua bila shida. Ya Bukoba ni ya kilomita moja na nusu hivi, ikiwa imebanwa na ziwa upande mmoja na mji upande wa pili. Jeti za abiria zinazotua Mwanza hazina nafasi pale. Fastjet ilipoanza safari zake nchini Novemba 2012 kwa ndege za Airbus A319, njia zake za kwanza zilikuwa Dar es Salaam–Mwanza na Dar es Salaam–Kilimanjaro. Nauli za chini zilizowazoesha watu wa Mwanza kupanda ndege, hadi shirika hilo liliposimama mwaka 2018, ziliishia Mwanza.

Aidha, viwanja vyote viwili viko kiasi cha mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, na ndege huhitaji mita nyingi zaidi kuruka kuliko ingehitaji pwani. Kwenye njia fupi iliyolowa, rubani anaweza kulazimika kupunguza uzito. Abiria hashushwi kwa urahisi. Kinachobaki nyuma ni mzigo, nao hufuata kwa ndege nyingine. Aliyebeba vipuri vya mashine iliyosimama ndiye anayeumia.

Mpango wa kujenga uwanja mkubwa Omukajunguti, wilayani Missenyi, umezungumzwa kwa miaka mingi. Uwanja wa Chato, mkoani Geita, wenye njia ya kilomita 3, umejengwa. Hata hivyo kwa mtu wa Bukoba mjini, kuteremka Chato ni kuanza safari nyingine ya barabara.

MZIGO GANI UPANDE NDEGE?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani haraka ina thamani sawa kwa kila biashara.

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bukoba anapata faida ya shilingi 40,000 kwa siku ya saa 10. Saa yake moja ni shilingi 4,000. Ndege ikimwokolea saa 4 dhidi ya basi, imemwokolea shilingi 16,000. Ikiwa tiketi ya ndege inazidi nauli ya basi kwa shilingi 100,000, ananunua raha, na hilo si kosa, mradi asiliandike kwenye daftari kama gharama ya biashara.

Wengine hutaja riba ya mkopo. Mzigo wa shilingi milioni 10 uliokopewa kwa asilimia 3 kwa mwezi unakula shilingi 10,000 kwa siku. Saa 4 za siku hiyo hazifiki hata shilingi 2,000. Riba pekee haimpandishi mtu ndege kwa umbali huu.

Kinachoweza kumpandisha ni bei inayobadilika, bidhaa inayoharibika, au thamani kubwa kwenye uzito mdogo. Mabondo ya sangara ni mfano mzuri, kwa kuwa bei yake kwa kilo moja inaacha mbali ile ya minofu, na mfuko mmoja unaweza kubeba mtaji wa mtu. Senene wa Kagera wakati wa msimu wao huingia humo pia, kwa sababu mnunuzi wa Mwanza au Dar es Salaam hulipa vizuri wakiwa wa kwanza, na hulipa kidogo wiki mbili baadaye wanapokuwa wamejaa kila kona. Vipuri, dawa za hospitali, sampuli za vanila na kahawa, na nyaraka za mnada huingia bila mjadala. Kikomo cha kilo 23 cha mzigo wa abiria, ambacho ni cha kawaida kwa safari za ndani, ndicho mizani ya kwanza. Biashara isiyoweza kuingia kwenye kilo 23 na bado ikalipa nauli, haina sababu ya kwenda uwanjani.

Ndizi haziingii. Dagaa hawaingii. Kahawa ya magunia haiingii. Hizo ni za lori na meli, na daraja limezipa nafuu ambayo ndege isingeweza kuzipa kamwe.

Lakini swali kubwa kuliko yote kwenye njia hii ni jingine: msafiri atalala au hatalala? Iwapo ratiba ya siku ina ndege moja tu ya kwenda na haina ya kurudi jioni, mfanyabiashara aliyewahi kufika saa 4 kabla ya basi atalala Bukoba vilevile. Ameokoa saa, hakuokoa usiku. Gharama ya chumba na chakula iko palepale, na duka lake Mwanza litafungwa siku ya pili. Tiketi ya ndege huanza kulipa hasa siku inapowezekana kwenda asubuhi na kurudi kabla ya giza. Kabla ya kuuliza nauli, aulize ratiba ya kurudi.

Na ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, meli inarudi mezani. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa, inabeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ratiba iliyozoeleka ya meli za njia hii ni kuondoka usiku na kufika asubuhi. Ni chombo cha mwendo mdogo kuliko vyote, lakini kinasafiri wakati duka limefungwa. Mfanyabiashara aliyefunga saa 12 jioni Mwanza akafungua mazungumzo Bukoba saa 2 asubuhi hajapoteza hata saa moja ya kazi, na chumba cha kulala amekilipia ndani ya nauli. Mabasi nayo, tangu yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, yanaweza kutumia hesabu hiyohiyo, ingawa kulala kwenye kiti si sawa na kulala kitandani.

KWA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo anayetazama mashirika ya ndege aelewe kwamba njia fupi hula ndege kwa namna yake. Matairi, breki, miguu ya ndege na sehemu nyingi za injini huhesabiwa kwa idadi ya kuruka na kutua, si kwa saa za angani peke yake. Ndege inayofanya Mwanza–Bukoba mara nne kwa siku imeruka na kutua mara nne kwa kilomita 700. Iliyokwenda Dar es Salaam–Mwanza mara moja imeruka na kutua mara moja kwa kilomita 850. Mafuta nayo huliwa zaidi wakati wa kupanda. Ada za kutua na huduma za viwanjani hazipungui kwa sababu safari ni fupi.

Juu ya hayo, mafuta, vipuri na kodi za ndege hulipwa kwa dola au kufuata bei ya dola. Abiria wa Bukoba analipa kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, njia ndefu yenye watalii inaweza kujifidia. Njia hii haina pa kujifidia.

Precision Air ilipouza hisa zake kwa umma mwishoni mwa 2011, kwa shilingi 475 kila moja, na kuandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ofa hiyo haikufikia lengo lake. Wanunuzi wengi wadogo walikuwa wakitazama ndege zilizojaa viwanjani. Ndege iliyojaa si lazima iwe ndege yenye faida, hasa kwenye njia ambayo sehemu kubwa ya gharama iko ardhini au karibu nayo. Kwa serikali, ambayo kupitia Air Tanzania imezipeleka ndege zake za pangaboi hadi Bukoba, kuna sababu nyingine za kuendelea hata pasipo faida nono. Mwenye hisa binafsi hana anasa hiyo.

Kitu cha kutazama sasa ni ratiba yenyewe. Shirika likiona abiria wa Mwanza–Bukoba wanapungua kwa sababu ya daraja, hatua yake ya kwanza huenda isiwe kupunguza nauli. Linaweza kuiacha Mwanza na kuiunganisha Bukoba na Dar es Salaam moja kwa moja, maana kilomita 1,023 bado ni mbali kwa basi lolote, daraja liwepo au lisiwepo. Abiria wa Dar es Salaam atafurahi, ataokoa ile saa ya kutua njiani. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyezoea kupanda ndege ya asubuhi na kiroba chake cha mabondo ataikuta nafasi yake imekwenda, na atalazimika kupanga upya kwa gari, kwa meli, au kwa siku chache za wiki ambazo ndege itakuwa bado inapitia kwake.